Kichwa A, Sikio B

Kichwa ni A. Sikio ni B. Pua ni C, kidevu ni D, na bega ni E. Nimefundisha Nyarubingo muda wa kutosha kujua darasa la saba linashika nini na linasahau nini, na nakwambia hilo ndilo somo pekee ambalo darasa zima, mpaka wale wa nyuma waliokuwa wakisinzia tangu darasa la tatu, walilishika siku moja na hawakulisahau. Ungewaamsha usingizini wangekujibu. Ukiwaambia waandike jina la kata yao ubaoni, hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Mimi ni Mwatumu, mtu wa Muheza. Serikali ilinipangia Kasulu nikiwa sijui hata iko upande gani wa ramani. Nikapanda mabasi, nikafika mifupa ikilia, nikapelekwa Nyarubingo, mbele kidogo ya Rungwe Mpya, kwenye vilima vya muhogo na maharage na vumbi jekundu linaloingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Nilijiambia nitavumilia kidogo kisha nitafute uhamisho. Nikakaa. Wale watoto waliniteka, na sioni haya kusema hivyo.

Ila kuna jambo moja la huku lilinishinda kulizoea. Mtoto wa Kiha aliyelelewa vizuri hamkatalii mkubwa. Ukikutana naye njiani anasimama, anapiga makofi taratibu, anainama, "Mwidiwe, mwalimu," na ukimwambia lolote anakujibu "ego", yaani ndiyo. Ego kwa baba, ego kwa mwalimu, ego kwa mgeni asiyemjua. Mwalimu mvivu anaweza kula mshahara kwa raha mustarehe juu ya ego hiyo. Anauliza, "Mmeelewa?" darasa linaitika "Ego!" anafunga kitabu anakwenda kunywa chai. Nami nilikuwa nikiwagombeza: jamani, kataeni basi, semeni hamjaelewa! Wananijibu, "Ego, mwalimu."

Mwaka 2013 ndio tuliletewa mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa. Shule zote zipangwe kwa rangi kufuatana na ufaulu wa darasa la saba: za kijani zimefanya vizuri, za njano zinajikongoja, nyekundu zimeoza. Sisi tulikuwa nyekundu. Mratibu wa elimu wa kata yetu, Elisante, Mpare mmoja mstaarabu ambaye hajawahi kunyanyua sauti, alikuja na pikipiki yake, akakaa ofisini, akafuta vumbi kwenye viatu kwa kitambaa, kisha akatuambia kwamba hataki kuona nyekundu kwenye kata yake mwaka unaofuata, na kwamba mwalimu mkuu atakayebaki nyekundu asimlaumu mtu akivuliwa ukuu.

Nikanyoosha mkono. Nilisema tuanze na darasa la kwanza, tupunguze msongamano, watoto wajifunze kusoma kwanza maana wengi wanakuja shule Kiswahili chenyewe hawakijui, nyumbani ni Kiha tu. Nikasema tupewe miaka mitatu, mtaona.

"Mwalimu," akasema Elisante kwa upole, "mtihani ni Septemba."

Mwalimu mkuu wetu, Stanislaus, alikuwa ameketi kando. Alikuwa akitazama mikono yake. Sitaki mtu amwone Stanislaus kuwa shetani, maana hakuwa. Mzaliwa wa vilima hivyo hivyo, amefundisha akiwa na nywele nyeusi mpaka zimekuwa nyeupe, akiwa na vyumba vilivyovuja na watoto waliokaa sakafuni wakiandikia mapajani. Alikuwa amebakiza kidogo astaafu. Kuvuliwa ukuu mbele ya watu aliowafundisha yeye na baba zao, hiyo ilikuwa aibu asiyoweza kuimeza. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Katika darasa la saba la mwaka huo alikuwepo Anifa. Anifa Dadi, mrefu, mwembamba kama muwa wa kiangazi, mwenye tabia ya kukung'uta sketi yake kabla ya kusimama kujibu. Alijifunzia kusoma kwenye vitabu vya sekondari vya kaka yake. Nikiandika hesabu ubaoni, nageuka, ameshamaliza na anatazama dirishani, kwa adabu, asinionyeshe kwamba nimechelewa. Mwalimu hapewi mtoto wa namna hiyo kila mwaka. Wengine wanastaafu hawajampata. Nilikuwa nimeshajiapiza kwamba huyu atakwenda sekondari hata kwa kumbeba mgongoni.

Jirani yake wa dawati tangu darasa la kwanza alikuwa Mwajabu. Hawa walikuwa chanda na pete. Mwajabu hakujua kusoma. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, lakini wa maneno asiyoyajua. Alikuwa akinakili ya Anifa herufi kwa herufi, kama mtu anayesuka ukili. Nilipoligundua hilo nilikasirika. Miaka saba! Amepita mikononi mwa walimu wangapi? Basi nikaanza kuwabakisha jioni yeye na wenzake wa aina yake, walikuwa zaidi ya nusu ya darasa, tukaanza ba be bi bo bu, watoto wa miaka kumi na minne na ndevu zimeanza kuchungulia. Waliona haya mwanzoni. Lakini Mwajabu alifika mahali pa kusoma "muhogo" peke yake, akaruka akanikumbatia, akakumbuka mimi ni mwalimu, akaniomba radhi.

Stanislaus akaja akanisimamisha. "Mwalimu Mwatumu, wakati huu sio wa ba be bi. Darasa la saba wafanye mitihani iliyopita, asubuhi na jioni." Chumba changu cha jioni kikafungwa kufuli.

Mwezi wa sita nilikwenda kwa baba yake Anifa, mzee Dadi, kumwambia ajiandae kwa sekondari. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda, mkewe akaleta muhogo wa kuchoma na maharage. Tulikula, tukaulizana habari za mvua. Nilipotaja sekondari akaweka chini kipande chake cha muhogo.

"Mwalimu, mlinilia ng'ombe wangu," akasema. "Ng'ombe nimeuza, shamba la bondeni nimeuza, mtoto wangu wa kiume asome hiyo sekondari ya kata. Mwezi wa pili matokeo yametoka. Amepata sifuri. Nimewapa ng'ombe, mmenirudishia sifuri."

Mwaka ule nchi nzima ililia na matokeo ya kidato cha nne, na shule ile ya kata ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa sayansi, na hata huyo nasikia alikuwa akifundisha historia.

"Anifa si kaka yake, mzee wangu," nikasema. "Huyu atafaulu."

"Hapo ndipo matatizo yangu. Akifaulu nisipompeleka, mtendaji ananiweka ndani. Fulani wa kule juu amelala mahabusu kwa sababu hiyo. Akifeli, hakuna anayenidai kitu."

"Anifa hafeli," nikasema, na nilisema kwa kiburi, nakumbuka.

"Tutaona," akasema mzee Dadi, akaokota muhogo wake. Binti yake alikuwa amepiga magoti pembeni ameshika birika la maji ya kunawa. Nilidhani ni uchungu wa mzee tu unaosema.

Mwezi wa nane darasa la saba likaingia kambini, yaani watoto walale shuleni wajisomee mpaka siku ya mtihani. Walikuja na unga na maharage na kuni vichwani. Siku moja mchana napita dirishani nasikia kimya. Darasa la saba kimya? Nikachungulia. Anifa amekaa mbele katikati, na Stanislaus amesimama kando na karatasi. Anasoma swali. Anifa anapeleka kidole puani. Darasa zima likainama, likasiliba kiduara kwa penseli. Swali jingine, Anifa anajikuna sikio. Likainama, likasiliba.

Siku hizi mtihani wenyewe ni kuchagua herufi tu na kusiliba kiduara, mashine ndiyo inayosahihisha. Huhitaji kujua kuandika hata jina la mama yako. Namba za mtihani ndizo zinazopanga nani akae wapi, na Stanislaus alikuwa ameziandikisha kwa namna ambayo Anifa atakaa pale anapoonekana na kila mtu.

Niliingia bila kubisha. Watoto wakasimama, "Shikamoo mwalimu!" Nikawaambia watoke nje.

"Mwalimu mkuu, hii ni aibu."

"Aibu ipo tayari," Stanislaus akasema. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kifuani. "Hawajui kusoma, Mwatumu. Wewe unajua, mimi najua, Mratibu anajua. Sasa unataka nifanyeje?"

"Tuwafundishe."

"Kwa siku hizi zilizobaki?" Akanitazama, na wallahi alikuwa anauliza kweli. Kisha akajikaza. "Angalau waingie kidato cha kwanza. Wakifika huko, huko watafundishwa. Na wewe usiniharibie. Gari lililokuleta kutoka Tanga linaijua njia ya kurudi."

Nilimtafuta Anifa jikoni, akichambua maharage na Mwajabu. Nikamwita kando.

"Unataka kufanya mambo haya?"

"Ego, mwalimu."

"Nakuuliza unataka, au umeambiwa?"

"Nimeambiwa," akajibu, kwa sauti ile ile, kama vile nimemuuliza kitu kimoja mara mbili.

Nilimpigia simu Elisante. Akasema asante kwa taarifa, atalifuatilia. Kesho yake nikaondolewa kwenye zamu za kambi, na siku za mtihani nikapangwa kusimamia shule nyingine mbali, kilima cha tatu. Huko nilitembea katikati ya madawati ya watoto wa watu nikiwa nawaza madawati yetu. Niliporudi, darasa la saba walikuwa wameshamaliza, wanaimba, wanarushiana maji. Anifa alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi, anakunja mkeka wake.

"Mtihani ulikuwa mgumu?"

"Hapana, mwalimu."

"Umejibu yote?"

"Ego." Hakunitazama usoni. Lakini mtoto wa huku hamtazami mkubwa usoni, nami nikaiona ni adabu tu, nikaenda zangu nikiwa na furaha. Wizi ni wizi, lakini moyoni nilijisemea, angalau huyu mmoja hakumwibia mtu.

Matokeo yalitoka Desemba. Stanislaus alibandika karatasi kwenye mlango wa ofisi na watu wakajaa. Haijawahi kutokea. Waliofaulu walikuwa karibu darasa zima. Mwajabu amefaulu. Wale wa nyuma wanaosinzia wamefaulu. Akina mama walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mimi nilisoma jina la kwanza mpaka la mwisho, nikarudia, nikaweka kidole kwenye kila mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Anifa Dadi hayumo.

Stanislaus alikuwa ameiva uso. "Ni mashine," akasema. "Labda hakusiliba vizuri. Mashine imemkataa." Nikaamini, maana nilitaka kuamini. Nikaamua nitakwenda mjini Kasulu mwenyewe, nitadai karatasi yake itazamwe upya kwa macho ya binadamu. Lakini sikutaka kwenda kichwa kitupu. Nikachukua nakala ya maswali iliyobaki ofisini, nikamwita Anifa nyumbani kwangu.

Alikaa mkekani. Nikamsomea swali la kwanza la hisabati. Akajibu. Sahihi. La pili, sahihi. Nikaruka nikaenda kwenye sayansi, nikaenda Kiingereza, sahihi, sahihi. Nilikuwa natabasamu, najiona niko tayari mbele ya mkubwa fulani huko mjini nagonga meza. Ndipo nilipoinua macho nikaona mkono wake. Kila alipojibu mkono ulikwenda wenyewe. Pua. Sikio. Bega. Akili imekaa mkekani kwangu na mkono uko bado kwenye chumba cha mtihani.

"Anifa. Wenzako uliwaonyesha majibu haya haya?"

"Ego, mwalimu."

"Na kwenye karatasi yako ulisiliba nini?"

Akakung'uta sketi yake ingawa hakuwa na haja ya kusimama. Nje kulikuwa na mtu anatwanga kisamvu.

"Nikigusa pua," akasema, "nilisiliba kidevu. Nikigusa sikio nilisiliba bega."

"Kwa nini?" Nilipiga kelele, nakiri, mtu wa kisamvu akanyamaza. "Kwa nini, mwanangu?"

"Data alisema." Data ni baba, kwa Kiha. "Alisema nikifaulu watamfunga, kwa sababu hana tena cha kuuza. Akaniomba nifeli. Data hajawahi kuniomba kitu. Na mwalimu mkuu naye alisema nisipowasaidia wenzangu atafukuzwa kazi, na Mwajabu atabaki nyumbani." Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimjue. "Nikaona naweza kuwatii wote."

Nililia. Sikuona haya mbele ya mtoto. Maswali yote yale, siku mbili zile, kila swali kulipatia jibu, kuwapa watu jibu, kisha kujinyima mwenyewe kwa mkono wako, na kuhakikisha hukosei kukosea. Kuna maprofesa wasioweza kufanya kazi hiyo. Na aliifanya kwa sababu tulimfundisha, mimi na baba yake na shule nzima na vilima vyote vile, kwamba mtoto mzuri ni yule anayesema ego.

"Usiwaambie, mwalimu," akasema. "Wenzangu watafutiwa."

Alikuwa sahihi, kama kawaida yake. Karatasi yake ilikuwa na makosa kweli; mashine haikuwa na kosa. Njia pekee ya kumwokoa ilikuwa kusema habari ya pua na sikio, na habari hiyo ikisemwa matokeo ya shule nzima yanafutwa. Sikulala vizuri siku kadhaa. Halafu nikapiga moyo konde nikamwendea Elisante, kwa sababu niliona mtoto hawezi kubeba watu wazima wote hao mgongoni.

Nilimweleza tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Ukutani kwake kulikuwa na chati mpya, na mahali palipoandikwa Nyarubingo palikuwa pamepakwa kijani, tena kwa mkono, unaona kalamu ilivyopita.

"Mwalimu Mwatumu," akasema, "ukilisema hili, nani anapona? Huyo binti atarudishiwa nini? Amesiliba makosa, amefeli. Wenzake watafutiwa. Mwalimu mkuu atakwenda jela. Mimi nitajieleza. Wewe pia utaulizwa ulikuwa wapi."

"Nilikupigia simu."

"Sikumbuki simu hiyo," akasema, kwa upole ule ule. Akanifungulia mlango.

Nikaenda kwa mzee Dadi. Nilimwambia najua alichomwomba mwanawe. Nikamwambia nitamsomesha mimi, shule ya kulipia, aishi kwangu, yeye asitoe hata kuni. Aliinamisha kichwa, na kwa muda nilidhani amelainika. Kisha akasema ameshapokea watu kutoka Muyama waliokuja kumposa Anifa, na neno lake limeshatoka.

"Ni mtoto, mzee Dadi! Ana akili!"

"Mtoto amefeli, mwalimu," akasema. "Si mimi ninayesema. Serikali yenyewe imesema."

Januari wenzake walipelekwa sekondari ya kata, sare mpya, wamepakwa mafuta mpaka miguuni. Sisi tulifanyiwa sherehe. Elisante alimkabidhi Stanislaus cheti ndani ya fremu, na Stanislaus akatoa hotuba ambayo hakuna aliyeisikia kwa sababu aliitoa akitazama mikono yake. Mimi nilikaa nyuma na wapishi.

Kule sekondari walipofika walipewa zoezi la kusoma na kuandika, kama agizo lilivyokuwa, kuwachuja wasiojua. Hakukuwa na viduara. Mwalimu alisoma sentensi, wao waandike. Wengi wa watoto wetu waliinua vichwa wakamtafuta mtu wa kumtazama pale mbele katikati, na pale mbele hakuna mtu. Mwajabu aliandika jina lake kwa mwandiko mzuri sana, akaandika "muhogo", neno pekee alilolijua, akaweka kalamu chini. Mvua za masika hazijakatika, wakarudishwa nyumbani, darasa karibu zima, na zile sare. Siku hizi ukipita kwenye mashamba ya Rungwe Mpya unawaona wanapalilia wamevaa sketi za bluu.

Chati ya Elisante ilibaki kijani. Waliorudishwa hawahesabiwi shule ya msingi, tulishawamaliza. Stanislaus aliomba kustaafu mapema na sasa hapiti njia ya shuleni. Nami barua yangu ya uhamisho ilikuja, Kibondo, bila kuomba.

Kabla ya kuhama nilikodi pikipiki nikaenda Muyama. Nilimkuta Anifa uani kwa wakwe zake, amefunga kitenge juu kidogo ya tumbo kama wafungavyo wake za watu, anaanika muhogo. Aliponiona alipiga makofi, akainama, akanipa kigoda. Mama mkwe wake alikaa nasi, mama mwema tu, hatukuweza kusema mengi. Nikamkabidhi khanga niliyomletea. Akanipakulia ugali na maharage, akasimama pembeni nikila.

Mama mkwe alipoingia ndani kuchukua chumvi, Anifa akainama haraka.

"Mwalimu, Mwajabu anaendeleaje huko sekondari?"

Nikarudisha tonge sahanini. Kwao ni mbali. Kumbe hakuna mtu aliyempelekea habari. Mimi Mwatumu ambaye nimegombana na mwalimu mkuu, nimemkabili Mratibu, nimempandia mzee wa watu mpaka uani kwake, nilimtazama yule mtoto na ule muhogo mweupe alioutandaza.

"Anaendelea vizuri," nikasema.

"Na wengine?"

"Wote."

Akacheka. Sijawahi kumwona akicheka vile darasani, meno yote nje. "Basi haikwenda bure, mwalimu," akasema, na mkono wake ukapanda taratibu ukagusa sikio, sijui kama mwenyewe alijua. Mama mkwe akarudi na chumvi. Anifa akamwambia mimi nilikuwa mwalimu wake na kwamba shule yao ilikuwa ya kijani.